Mbegu ni ya Mungu, Tope ni Letu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa tone la maji, akatutia roho, kisha akatukabidhi mikononi mwa wazazi tukiwa hatujui kulia wala kushoto. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyerefusha sijida mbele ya watu wazima kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakutaka kumkatiza mtoto raha yake.

Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, na wewe jirani yangu Mkristo ambaye karatasi hii imekufikia, kuanzia Waa na Tiwi hadi Shimoni na Vanga, kutoka Kinango hadi Lungalunga: nimekuja kwenu na jambo moja tu, nalo limenikaa kifuani siku nyingi.

Tunalo neno baya midomoni mwetu. Neno lenyewe ni "kazaliwa nayo". Kijana anakamatwa Ukunda, yeye na mwenzake juu ya pikipiki, mkoba wa mama wa watu mkononi, mmoja wa hao tunaowaita vishandu. Kabla hajafika kituo cha polisi, baraza imeshahukumu: kazaliwa nayo, hata babu yake alikuwa vivyo hivyo. Binti anatoroka usiku kwenda disko matanga. Shangazi anashusha pumzi na kusema ni damu ya upande wa mamake. Na mtoto wa nyumba ya pili akihifadhi Kurani, akimwamkia kila mkubwa anayepishana naye njiani, tunasema: yule kajaaliwa. Mwovu kazaliwa na uovu wake, mwema kajaaliwa wema wake. Hesabu imefungwa! Na sisi wazazi tuko wapi katika hesabu hiyo? Hatumo. Tumejitoa, tumekaa pembeni kama wageni kwenye harusi ya watu.

Ndugu zangu, neno hilo ni godoro. Tunalilalia ili tusiamke.

Nendeni Gazi, maji yakiwa yamekupwa, mkautazame mkoko. Mbegu ya mkoko haidondoki kavu kama punje ya mahindi. Huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia pale miezi, ikirefuka kama kijiti cha kijani, ikinyonya kwa mama yake. Ikikomaa huachia. Nyingine huchoma tope palepale chini ya mti, nyingine huchukuliwa na mkondo zikaenda mbali. Sasa sikilizeni. Mbegu ile haitaota mnazi hata ukiisomea usiku kucha. Mkoko ni mkoko. Hiyo ndiyo fitra, umbile la asili ambalo Mungu ameshaliandika ndani yake. Lakini mbegu hiyohiyo, iliyotoka kwenye mti mkubwa kuliko yote, ikitupwa juu ya mchanga mweupe wa Diani na jua la Februari, itakauka. Haikufa kwa ubaya wa asili. Imekufa kwa kukosa tope.

Na wazee wa Gazi wanajua zaidi ya hapo. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi ikawa kuni za viwanda. Pakabaki uwanda. Bahari ilikuwepo, ikija na kurudi kila siku kama ilivyoamrishwa. Miti ilikuwepo jirani, ikidondosha mbegu. Lakini pale palipokwanguliwa hapakurudi msitu. Ndipo mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji wakaingia topeni, wakapanda mche mmoja mmoja kwa mkono. Na tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa jina la Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za msitu huo, wanauza hewa ukaa, na fedha zinarudi kijijini kwa maji na shule. Asili haikukosekana Gazi hata siku moja. Kilichokosekana ni mikono.

Basi niambie, mzazi mwenzangu: wewe ambaye mtoto wako amekuwa uwanda, mikono yako iko wapi?

Dini yetu imelimaliza jambo hili kwa uwazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, na kwamba wazazi wake ndio humgeuza. Akapiga mfano wa mnyama azaaye mtoto mkamilifu: sikio hakulikata Mungu, hulikata watu baadaye. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaeleza kuwa moyo wa mtoto ni johari safi isiyochongwa chochote, ni amana kwa wazazi wake, na inakubali kila nakshi. Amana, ndugu zangu! Aliyekuwekea amana atakuja kuidai. Utamjibu nini? Utasema, "Ewe Mola, uliniletea ikiwa imeharibika"?

Wazee walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini wazee haohao wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na udongo uwahi ungali maji. Mbona tunaikumbuka ile ya kwanza siku tumeshindwa, na hizi mbili tunazisahau siku mtoto ana miaka mitatu?

Wala sisemi kwamba watoto wote ni sawa. Mama aliyezaa watano anacheka akisikia hivyo. Huyu alitoka tumboni akipiga kelele na mpaka leo hanyamazi. Yule ukimkazia macho tu machozi yanamtoka. Wa tatu hana haya ya wageni, wa nne hujificha nyuma ya mlango. Mungu hakuwaumba kwa kibao kimoja kama maandazi. Wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2015 walikusanya utafiti wa miaka 50 juu ya mapacha, zaidi ya jozi milioni 14 kutoka nchi nyingi, wakakuta kwamba tofauti baina ya mtu na mtu, ukichanganya sifa zote, karibu nusu yake, asilimia 49, inafuata urithi wa damu. Nusu! Basi mvivu husikia nusu hiyo akalala. Lakini wewe mwenye duka pale Msambweni, ukiambiwa nusu ya faida iko mikononi mwako, utafunga duka?

Na huko New York, kuanzia mwaka 1956, madaktari Alexander Thomas na Stella Chess waliwafuata watoto tangu uchanga hadi utu uzima. Waliona watoto wepesi, watoto wagumu, na watoto wazito wa kuzoea. Na waliona jambo la kututia hofu na matumaini kwa pamoja: mtoto mgumu hakuharibika kwa sababu ya ugumu wake. Aliharibika pale malezi yalipopingana na umbile lake, na akatengenea pale wazazi walipomjua na kumfuata alivyo.

Mpanda mikoko wa Gazi hashangai. Mikoko ina aina zake. Mlilana husimama mbele kabisa, unapopigwa na bahari. Mkandaa hutaka nyuma, maji yasipofika kila siku. Ukiubadilisha mahali, utaupoteza, kisha utalaumu mti! Mtoto wako mwoga usimtupe penye mawimbi ukimwita mwanamke mbele ya wenzake. Mtoto wako mkali usimfungie ndani mpaka apasuke. Mpe kazi ya kutoa jasho, mpe mpira, mpe kasia, mpeleke na mjomba wake baharini. Mjue mtoto wako. Huwezi kumlea usiyemjua, na huwezi kumjua kwa kumwona dakika kumi kwa siku na simu yako mkononi.

Na muwahi! Mbegu ya mkoko haiachiwi na mama yake siku ya kwanza, na mtoto ni vivyo hivyo. Huko Romania, baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia iliona watoto waliolundikwa kwenye vituo vya yatima, wanalishwa lakini hawabebwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Baadhi wakapelekwa kuishi na familia. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliopona zaidi. Chakula walikuwa nacho wote. Kilichowatofautisha ni mapaja ya mtu.

Sasa mtauliza: tuwalee vipi? Mwenyezi Mungu ametupa mwalimu, naye ni Lukman wa Kurani. Tazameni mpangilio wake anapomuusia mwanawe. Anaanza na Mungu mmoja. Kisha Mungu mwenyewe anaingiza usia wa wazazi. Kisha Lukman anamfundisha kwamba tendo hata liwe na uzito wa chembe ya haradali, limefichwa ndani ya jabali, Mungu atalileta. Kisha sala, kuamrisha mema, subira. Na mwisho anashuka mpaka kwenye mwendo wa miguu na kiwango cha sauti! Adabu ya njiani imekaa pamoja na imani. Na kila mara anamwita kwa jina la mapenzi, mwanangu mdogo. Wewe mara ya mwisho ulimwita mwanao hivyo lini? Au tangu asubuhi amesikia "we mbwa" na "we hayawani"?

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutojua. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, akiwa mgonjwa alimtungia binti yake wosia wa beti, utendi ambao hadi leo unasomwa. Hakusema binti yangu ni wa damu njema, atajua mwenyewe. Alimwita, akamkalisha, akamwambia.

Nami niwape ushahidi wangu. Nililelewa na bibi. Nikiwa na miaka tisa niliiba changu wawili kwenye tenga la jirani. Bibi alipowaona samaki jikoni hakupiga kelele. Alinikalisha juu ya mkeka, akaniuliza mara moja: "Mjukuu wangu, hawa wametoka wapi?" Nikasema kweli, kwa kuwa kwake kweli haikuwahi kuniletea madhara. Akanishika mkono, tukapita uchochoro wa nyuma ili watoto wenzangu wasituone, akasimama mlangoni kwa jirani, akaniachia niseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Tulipotoka alinifuta machozi kwa upindo wa leso yake, na hakulitaja tena jambo lile mpaka anaingia kaburini. Baadaye nikamsoma Ghazali nikakuta anausia kwamba kosa la kwanza la mtoto lisitiriwe, na likirudiwa akanywe faraghani, wala asilaumiwe kila saa, kwani lawama nyingi huufanya moyo wake usisikie. Bibi yangu hakujua kusoma kitabu hicho. Lakini alikuwa tope jema.

Damu yangu ilikuwa na wizi? Au damu yangu ilikuwa na toba? Vyote viwili vilikuwemo, ndugu zangu. Mwenyezi Mungu ameitia nafsi ujuzi wa uovu wake na wa ucha Mungu wake. Bibi alichagua upande wa kumwagilia maji.

Na ninyi mnaodhani malezi ni fimbo, kumbukeni Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi tangu utoto wake, akatushuhudia kwamba hakusikia kwake hata mguno wa kuchoshwa. Katiba yetu ya 2010 nayo inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Na Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Serikali yenyewe imekiri kwamba mtoto wa miaka kumi bado ni udongo maji, hapelekwi kizimbani, analelewa. Itakuwaje basi mzazi awe mkali kuliko hakimu?

Akina baba, nasema nanyi waziwazi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema malezi ni haki ya mtoto na ni wajibu sawa wa mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana. Kuna wanaume wamezaa Diani wakahamia Likoni, simu wamebadilisha, kisha mtoto akiharibika wanasema mamake hakumlea. Ogopeni! Kwa mila ya kale ya Wadigo mjomba alisimama juu ya watoto wa dada yake, na urithi ulipita upande wa mama. Mtoto hakukosa mwanamume wa kumwambia "hapana". Leo baba hayupo na mjomba amenyamaza. Nani atamwambia hapana? Mwenye pikipiki?

Na mama uliyeko Riyadh au Muscat, unayelea watoto wa watu ili wa kwako wapate karo, sikulaumu. Mungu anayaona machozi yako. Lakini ile sauti unayomtumia mwanao kwa simu isiwe ya kuuliza pesa zimefika tu. Muulize amesali, amecheka na nani, anaogopa nini. Na sisi tuliobaki hapa, mtoto wake ni mtoto wetu. Mkono mmoja haulei mwana.

Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu tope si la nyumba moja. Desemba 2006, UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya pwani yetu: Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wakitumiwa kingono katika biashara ya utalii kwa misimu. Tulizoea kumnyooshea kidole mgeni. Ripoti ilisema kundi kubwa kuliko yote la waliowatumia watoto hao, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya wenzetu. Je, wasichana hao walizaliwa nayo? Subuhanallah! Walizaliwa juu ya fitra ileile ya binti yako. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na mtu mzima aliyenunua, kulikuwa na mtu mzima aliyekodisha chumba, na kulikuwa na majirani wengi waliogeuza uso ukutani.

Na wewe mwenye kibanda unayemuuzia muguka, majani ya kulevya, mtoto mwenye sare za shule! Mombasa na Kilifi walitangaza marufuku Mei 2024 na mambo yakafika mahakamani. Lakini wewe unangoja hakimu akufundishe aibu? Anayemlea mtoto wa mwenzake kwa sumu asitarajie kwamba wake atalelewa kwa asali.

Mnasema haiwezekani kijiji kizima kulea? Nawaonyesha Kaya Kinondo. Sizungumzii matambiko, nazungumzia adabu. Msitu ule uko hatua chache kutoka hoteli na pwani yenye thamani kubwa, na bado umesimama. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda katika urithi wa dunia. Umelindwa na nini? Hakuna mtoto aliyetoka tumboni akijua kwamba kule hakuvunjwi hata kijiti. Aliambiwa na bibi, akaonywa na mjomba, akamwona babu mwenyewe akitii, kizazi baada ya kizazi. Watu wa Kwale tunajua kulea! Tumewalea watoto wakauheshimu mti mkavu ulioanguka. Tutashindwa kuwalea wauheshimu mkoba wa mama wa watu?

Sasa nizungumze na mzazi mmoja aliyekaa nyuma kabisa, aliyeisoma karatasi hii akilia. Wewe ulimlea. Ulimpeleka chuoni, ukamwombea, ukaunyima mwili wako usingizi. Na bado amekwenda. Dada, kaka, usikate tamaa. Nabii Nuhu alimwita mwanawe mpaka wimbi likaingia kati yao, na mwana hakupanda safina. Nani atasema Nuhu hakujua kulea? Na Nabii Ibrahimu alitoka katika nyumba ya waabudu masanamu. Mungu ametuonyesha yote mawili, ili mwenye mtoto mwema asijivune na mwenye mtoto aliyepotea asijinyonge. Mtume ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Utaulizwa juu ya uchungaji wako. Mioyo iko mikononi mwa Mwenye nayo. Nuhu aliita mpaka dakika ya mwisho. Nawe usiache kuita.

Basi usiku wa leo, kabla hamjalala, fanyeni jambo dogo. Tandika mkeka, weka sinia moja, simu iweke mbali, kula na mwanao. Muulize siku yake ilikwendaje, na unyamaze mpaka amalize. Kosa la wiki iliyopita usilifufue. Jema moja ulilomwona nalo litaje mbele ya nduguze. Kesho rudia. Kesho kutwa rudia. Mche haukui mbele ya macho ya aliyeupanda, lakini Gazi pale palipokuwa uwanda leo pana kivuli, na samaki wanazaa kwenye mizizi yake.

Ewe Mola wetu, umetupa mbegu safi, usitukute tukiwa mchanga mkavu. Walainishe baba zetu, wape nguvu mama zetu, warudishe salama walioko ughaibuni. Wafiche watoto wa Kwale na macho ya wenye kuwawinda. Waliopotea wafungulie njia ya kurudi, na sisi utukute mlangoni tukiwangoja. Na siku utakapotuuliza juu ya amana yako, tuwezeshe kukuonyesha mikono yenye tope.

Amin.